Mgeni Aliyenyimwa Viza na Dada Yetu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, tulinyonya ziwa moja, na familia imenituma niwasomee safari yake hapa duniani. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma msingi na sekondari hapa hapa mjini, na mwaka 1980 akaajiriwa idara ya uhamiaji, akapanda cheo hadi kuwa mkuu wa dawati la viza, ambako wenzake walimbandika jina la Bi Hapana, hata tarehe 6 Juni 1984, alipofunga ndoa na shemeji yetu mwalimu, watu wa ofisini walibana pumzi mpaka aliposema ndiyo. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 aliletewa ombi la mwanasiasa wa nchi jirani, mtu wa maneno matamu, ambaye hotuba zake kwao ziliwafanya watu wachome nyumba za majirani zao, watoto wakiwa ndani, na sasa chama kimoja cha hapa kilikuwa kimemwalika aje kuhutubia. Wakubwa walimpigia dada simu, wakambembeleza, wakamtisha, naye akawaambia, "Anayetaka aingie, atie sahihi yake mwenyewe," wala hakuna aliyethubutu. Yule bwana alipanda ndege hivyo hivyo, akazuiwa uwanjani, na dada ndiye aliyekwenda kumweleza uso kwa uso, naye akavua kofia, akatabasamu, akasema, "Sina haraka, dada yangu, nitaomba tena," kisha akarudishwa kwao, alikofariki mwaka uliofuata, akazikwa.

Tangu hapo dada alianza kumwona kwenye foleni, mchana kweupe, akingoja zamu yake kwa adabu, na kila alipofika dirishani alimwambia hapana, huku aliye nyuma yake akishangaa anaambiwa nani. Sisi tulisema ni uchovu. Alipostaafu mwaka 2018, yule mtu alihamia langoni kwake, na shemeji alikuwa akimsikia mkewe akimjibu kutoka barazani, bila hasira, kama anayemjibu muuza mboga. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimwache aingie yaishe, mfu atadhuru nini, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mdogo wangu, hatafuti pa kukaa, anatafuta wa kumsikiliza."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na tarehe 2 mwezi huu muuguzi alituuliza, "Yule mzee mwenye kofia aliyekaa koridoni ni wa kwenu? Anaomba kumwona mgonjwa." Tulitoka wote, tukakuta kiti kitupu, bado kina joto. Tuliporudi chumbani, dada hakuwa na nguvu za kuinua kichwa, lakini alimshika mkono binti yake mkubwa, akamwambia, "Mwambie jibu ni lile lile," binti akaenda mlangoni, akasema huku akiona aibu kukisemesha kiti, na aliporudi mama yake alikuwa amekwisha kukata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake mliokuja mmevaa sare. Yule mgeni aliyesimama nje ya lango tangu asubuhi, ambaye baadhi yenu mmeniuliza kwa nini hapewi kiti, tunawaomba msimkaribishe, hata kwa heshima ya msiba, binti mkubwa amekwisha kumjibu, na safari hii hakuona aibu.

Dada, umesimama mlangoni miaka mingi mno, sasa lala, pumzika kwa amani.