Mama Msumeno na Gamba Linalojua Juu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ghala letu la sampuli, Mama Msumeno anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28. Ofisini wanamwita Fundi Mkuu. Sisi tulimwita kwa msumeno wake, na aliitika.

Kazi yake ilikuwa kupokea mwamba kutoka kwa wachimbaji wa visima, vipande vya mviringo kama michi, na kuvipasua katikati ili wataalamu wasome ndani. Kabla ya kukata, kila kipande huchorwa mistari miwili kutoka chini hadi juu: mwekundu kulia, mweusi kushoto. Ukikosea mistari, umeigeuza bahari iliyouzaa mwamba huo miguu juu.

Yeye mwenyewe aliigeuza, mwaka wake wa kwanza. Sanduku zima. Wataalamu walikuna vichwa, maana udongo unaofunika mwamba ulionekana chini yake, kama mfuniko chini ya chungu. Akakaa na kipande kimoja mpaka akaliona gamba la konokono wa baharini: upande aliouchora kuwa juu una tope lililotulia, upande wa pili fuwele nyeupe zilizojaza nafasi. Tope hutulia chini, hata konokono awe amekufa zamani za zamani. Kipande hicho amekiweka dirishani tangu hapo, ili kila mgeni aone kosa la mwenyeji kabla hajafanya lake.

Sisi tusiosoma sana alitufundisha kwa maneno ya jikoni. Katika bahari ya joto, ya kina kifupi, magamba na matumbawe hufa, husagika, hutulia tabaka juu ya tabaka. Uzito hushindilia, chokaa iliyoyeyuka huganda katikati kama gundi, yote yakawa jiwe. Bahari ikishuka, mvua hulilamba jiwe na kuacha matundu. Matundu yakiungana, na udongo mzito ukifunika juu, hapo panaweza kukaa mafuta, gesi au maji. Panaweza, alisisitiza. Chungu kizuri si ushahidi wa mchuzi.

Mumewe hulalamika kwamba mawe yanaogeshwa maji ya uvuguvugu na yeye anaachiwa ya baridi. Hatumlaumu, wivu ndio ugonjwa wa ghala hili. Mimi, msaidizi wake, na Mpiga Picha wa sampuli tumemgombea mama huyu kama watoto wa tumbo moja. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilimkuta bwana huyo kavaa aproni yangu.

"Dada, mtoto hajambo? Msumeno usiwe na wasiwasi nao."

Nilimjibu mtoto hajambo.

Wiki iliyopita Mama Msumeno aligawa urithi. Msumeno akampa Mpiga Picha. Hata jiwe la dirishani akampa yeye. Nilisimama pale na usingizi wangu wa vipande vipande, nimevuta mdomo. Kisha akaniwekea mkononi makopo mawili ya rangi, nyekundu na nyeusi.

"Usininunie, mwanangu. Yeye atakata. Wewe ndiye utakayesema juu ni wapi."

"Na jiwe, mama?"

"Jiwe ni la anayelihitaji. Wewe juu unapajua tayari."

Nusu ya wivu ikaniisha palepale. Nusu iliyobaki ni hii: kuanzia Jumatatu mama atalala mpaka jua limchoke, na mimi nina mwanangu anayeamka kabla ya jogoo.

Asante, mama, kwa subira na kwa mkono usiotetemeka. Ulale unono, upate afya, na mzee naye apate maji ya uvuguvugu.