Mama Bernadetha, Aliyemwonea Wivu Lyamba

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo, Bernadetha Kashinje Ndaki, alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 huko Kahama, mtoto wa kwanza wa Mzee Ndaki, mfugaji. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaishia hapo kwa kuwa ng'ombe walihitaji mchungaji na wadogo zake walikuwa bado wachanga.

Mwaka 1960 aliposwa na Silvester. Wazee husimulia kwamba alimuuliza mchumba wake mbele za watu, "Unamwogopa Mungu, au unamwogopa baba yangu?" Silvester akajibu, "Kwa leo, baba yako." Binti akacheka, akakubali. Walifunga ndoa kanisani, wakajaliwa Rafaeli na, baadaye sana, Shadrack. Mwaka 1976 walihamia Sibwesa wakifuata malisho. Huko mama alilima mahindi na karanga, na kila Jumapili alifundisha watoto wa kigango sala na nyimbo.

Machi 1991 Silvester alikutwa amekufa mtoni. Ng'ombe aliokuwa akiwachunga walionekana baadaye katika zizi la jirani yetu Lyamba, wakiwa na chapa mpya. Hakuna aliyethubutu kufungua mdomo, maana wengi walikuwa wameshakula nyama aliyowagawia Lyamba. Masika yaleyale malaria ikamchukua Shadrack. Kwa Lyamba hakuna hata aliyekohoa. Mahindi yake yalibeba, nyumba yake ikaezekwa bati, na kanisani alikaa mbele. Mama akaacha kufundisha, kisha akaacha kusali.

Mchana mmoja wa Oktoba 1994 alimwambia wifi yake Lucia, "Wifi, nimekaa safi bure. Mungu analisha wezi. Naenda kwa Lyamba anipe hiyo dawa ya utajiri wanayosema anayo, na mimi nione raha."

Lucia alimsihi. Hakusikia.

Aliyoyakuta huko aliyasimulia mara nyingi, na hakuwahi kubadili neno. Madirisha ya nyumba ile kubwa yalikuwa yamezibwa kwa matofali. Mbwa walilala wamegeukia ukutani. Lyamba alikuwa ameketi sebuleni, mgongo ukutani, macho mlangoni.

"Karibuni," akasema, kisha akamwita mkewe alete viti viwili.

"Nimekuja peke yangu, baba."

"Na huyo nyuma yako, mama Rafaeli? Huja kila siku. Leo mmekuja pamoja. Mwambie asiingie, anachuruzika maji."

Mama aligeuka. Hapakuwa na mtu. Lakini kizingiti kilikuwa kimelowa, na mvua ilikuwa haijagusa Sibwesa tangu Mei.

Ile dawa aliyoifuata hakuitaja tena. "Tuombe, baba," akasema. "Tubu. Mungu atakupokea."

Lyamba akatikisa kichwa. "Nikitubu itabidi nirudishe."

Jumapili iliyofuata mama alikuwa kigangoni. "Nilitamani zizi lake," alituambia, "sikujua anavyolala. Mungu hakunirudishia mume wala mtoto. Ila yupo na mimi. Lyamba yupo na nani?" Hata hivyo kusamehe hakukuwa rahisi, kwa muda mrefu alipita mbele ya nyumba ile bila kuitazama.

Lyamba alikufa mwaka 1996, ameketi, ameukodolea macho mlango. Wanawe wakubwa waligombania ng'ombe, wakatawanyika.

Novemba 1997 moyo ulianza kumsumbua mama, miguu ikavimba. Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara, vijana wakambeba kwa machela mpaka gari lilipoweza kufika. Alilazwa Mpanda, akafariki asubuhi ya tarehe 17 Februari 1998, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lucia.

Marehemu ameacha mwana, Rafaeli, wifi, Lucia, wajukuu wanne, na binti, Scola. Scola ni mtoto wa mwisho wa Lyamba. Lyamba alipokufa, mama yake naye alikuwa ameshafariki, na kaka zake walimwacha peke yake katika nyumba ile. Bernadetha alikwenda kumchukua mwenyewe. Akavuka kizingiti, akaingia hadi ndani, akamshika mkono. "Mwanangu," akamwambia, "funga nguo zako. Kwetu tunalala."

Mungu wa rehema amlaze Bernadetha miongoni mwa watu wake, bila hofu yoyote. Amina.