Nyota ya Pili Iko Upande Gani

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la kinyozi, na jioni ile tulibanana kwa sababu nusu ya benchi ilikaliwa na darubini. Fundi Miwani ameiunda mwenyewe kwa bomba la maji na kioo alichokisugua kwa mkono, na tangu iingie chumbani kwake mkewe hana pa kupita. Kazi yake ni kuwinda nyota pacha, zile hafifu, zilizobanana mpaka zinaonekana moja. Mkewe amechoka. Kasema leo akipatikana mtu mmoja tu wa kuiona ya pili, bomba libaki, asipopatikana, liuzwe. Sisi ni marafiki wa kweli, kwa hiyo tuliamua kuiona hata kama haipo.

FUNDI: Msishike bomba, msipumulie kioo. Na mtazame kwa pembeni kidogo, si moja kwa moja.

Dereva wa lori, tunayemwita Breki, aliinama wa kwanza, kikombe cha kahawa mkononi.

BREKI: Mbili. Wazi kabisa, kama taa za lori linalokuja.

KINYOZI: Hebu nipishe. Mbili? Umelala wewe. Mimi naona tatu.

FUNDI: Ya tatu haipo.

KINYOZI: Kwako haipo. Mimi nimezoea kutafuta unywele mmoja kwenye shingo ya mtu.

Soli, mshona viatu, alitazama sekunde moja akaridhika.

SOLI: Tatu, na ya tatu bado changa. Zimezaa hizo.

BREKI: Nyota inazaa?

SOLI: Kwani zilivyojaa vile huko juu, ulidhani zilinunuliwa?

KINYOZI: Tena ile kubwa imenuna. Hizo zinataka kuachana.

FUNDI: Jamani, mnanimaliza.

Mara mkewe akatokea, mtandio begani. Tukanyoosha migongo.

KINYOZI: Karibu, shemeji. Tumeiona sote.

MKE: Vizuri. Ya pili iko upande gani wa ile kubwa?

Breki akaonyesha juu. Kinyozi akaonyesha kulia. Soli akaonyesha chini, akamwona Kinyozi, akahamia kulia. Mimi nikachungulia kikombe changu, nacho kilikuwa kitupu.

MKE: Na wewe, baba watoto?

FUNDI: Upande wake naujua, nimesoma. Ila kuiona, sijawahi. Tangu mvua ziishe natazama moja tu.

Nilimwonea huruma sana. Mkewe akasogea kwenye bomba. Akainama, akabana pumzi, akakaa pale mpaka Kinyozi akasahau kubisha.

MKE: Inakuja, inapotea. Ile pale. Kushoto, chini kidogo.

Fundi akakaa kitako. Upande ule hakuwahi kumtajia mtu.

FUNDI: Ndiyo yenyewe. Kwa hiyo bomba haliuzwi?

MKE: Haliuzwi.

FUNDI: Basi nipishe nami niione.

MKE: Subiri. Kaniletee kiti kwanza.