Mzee Mhuri na Picha 212 za Kinamasini

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mhuri, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kinamasi, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo vyura walipiga kelele hata mkunga mwenzake asisikie kilio cha kwanza cha mtoto.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila hati yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwalimu mkuu alimwita aandike vyeti vya wenzake waliomshinda.

Tarehe 1 Julai 1979 aliajiriwa karani wa masjala katika halmashauri, akakaa nyuma ya kaunta ileile miaka thelathini na minane. Alipokea barua, akazigonga mhuri wa tarehe na kuziingiza kwenye rejista. Barua isiyo na tarehe aliirudisha, hata ingetoka kwa mkubwa wake. Chai ya mtu hakuipokea. Wenzake walimcheka, "Mhuri utaula?" Naye akawajibu, "Sitaula, lakini nitalala."

Hata mke alimpata kwenye kaunta hiyo. Mwaka 1983 binti mmoja fundi cherehani alileta fomu ya cheti cha kuzaliwa, akarudishwa mara tatu. "Mara ya nne nikamwambia, kaka, kama unapenda kuniona si useme tu," mjane husimulia. "Akasema, 'Dada, hapo kwenye tarehe bado.' Halafu ndipo akasema." Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa watoto watatu.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 2017. Binti yake mkubwa, muuguzi, alimzawadia kamera, naye akaanza kuwafuata ndege wa kinamasini bila kujua hata majina yao. Asubuhi ya kwanza alitambaa kwa magoti kwenye tope dakika ishirini, akimvizia yangeyange mweupe aliyetulia kwenye matete bila kutikisika. Daftarini aliandika: "Saa 12:40 asubuhi. Picha Na. 1. Yangeyange mmoja. Si yangeyange. Mfuko wa nailoni." Zilizofuata zilikuwa mkia wa mdiria, na miguu ya korongo isiyo na korongo. Mkewe alizitazama moja moja, akauliza, "Baba, huyu kichwa amekiacha kwao?" Marehemu alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake alikuwa tena kwenye matete.

Lakini kwa kuwa alikuwa bado mwanafunzi wa kamera, hakujua kuchagua kitakachoonekana nyuma ya ndege. Nyuma yao likawa linaonekana lori la kiwanda cha ngozi, limeteremsha mpira mnene unaotapika uji wa kijivu wenye nywele na mafuta, palepale vitwitwi walipokuwa wakidonoa chakula. Halikuja mara moja wala mbili. Alilikuta asubuhi sitini na moja, na namba zake zinasomeka. Mtu huyu, ambaye hakuwahi kutupa hata ganda la karanga njiani, alirudi nyumbani akitema mate. Katika maji hayo ndimo alimojifunza kuogelea. Daftari lake linaonyesha ndege waitwao kwarara arobaini mwaka 2018. Mwaka 2023 ni sita.

Agosti 2024 alipeleka picha 212 kwa afisa mazingira wa halmashauri, ambaye zamani Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufungua jalada.

"Mzee wangu, kile ni kidimbwi tu."

"Maji ya kifuu, bahari ya chungu."

Afisa alizipekua, kisha akatabasamu. "Zote zimeandikwa tarehe mosi Januari 2010. Mwaka huo kiwanda kilikuwa hakijajengwa."

"Tarehe ya kamera sikuirekebisha. Soma namba za lori, usajili huo ni wa juzi tu."

"Tarehe ni tarehe, Mzee. Si wewe uliyetufundisha?"

Ilikuwa kweli. Kila jioni alitoa betri ili isichakae, na kila asubuhi kamera ilianza upya kuhesabu kutoka siku hiyo moja. Mtu aliyerudisha barua za mji mzima kwa sababu ya tarehe! Mganga hajigangi. Alirudi na bahasha yake, na siku hiyo hakula. Afisa yule alijua ukweli, akauchukua unyoofu wa mwalimu wake kumziba nao mdomo. Wasifu huu hauna neno laini kwa jambo hilo. Linatia kinyaa kuliko uji wa lori.

Marehemu aliishi na kisukari tangu 2015. Novemba 2024 aliingia majini kumnasua korongo aliyegandwa na mafuta, akakatwa na bati mguu wa kushoto. Korongo alikufa, na kidonda hakikupona. Alilazwa tarehe 6 Januari 2025, na cha kwanza alichoagiza kutoka nyumbani kilikuwa daftari, kwa maana humo kila picha ilikuwa na siku na saa yake. Akaanza kuandika tarehe nyuma ya picha, tano kwa siku, saba akiwa na nafuu.

"Babu, pumzika," muuguzi wa zamu alimsihi.

"Nitapumzika, mjukuu wangu. Nimebakiza thelathini."

Alimaliza tarehe 10 Februari. Siku iliyofuata binti yake aliifikisha bahasha kwenye kaunta ya masjala, safari hii si mezani kwa mtu, ikagongwa mhuri: IMEPOKELEWA, 11 FEBRUARI 2025. Marehemu aliisogeza nakala aliyoletewa wodini karibu na macho, akakagua tarehe, akasema, "Imenyooka." Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, binti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba, dada mmoja, na kwarara sita kama bado wapo.

Halmashauri imeleta shada lenye utepe ulioandikwa "Mpenzi wa Ndege". Juzi Alhamisi lori lilionekana tena kinamasini. Mjane ameomba shada libaki nje ya geti.

Kwa kanuni ya masjala, barua iliyopokelewa hujibiwa ndani ya siku ishirini na moja. Zinaisha Jumanne, tarehe 4 Machi. Familia itakuwa kwenye kaunta saa mbili asubuhi, na kila aliyekuja kumzika anakaribishwa.

Lala salama, Mzee Mhuri. Tarehe tutaishika sisi.