Nani Amemharibu Taban?

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi na meza tu mbele ya cherehani ya fundi Yakubu, karibu na soko la Arua, na mwaka ule wa sabini na tatu dhumna zilipigwa pale tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Alhamisi hiyo Yakubu alicheza upande mmoja na Sajini, mwanajeshi mstaafu, dhidi ya Redio na Lokule. Lakini roho yake, wallahi, haikuwa mezani. Mfukoni alikuwa na barua ya chuo kikuu, kutoka Kampala. Mwanawe Taban na wenzake watatu wamekamatwa wakipeana majibu ya mtihani, wamesimamishwa masomo. Mzazi aandike kijana amejifunzia wapi tabia hiyo, ndipo wafikirie kumrudisha. Basi la posta huondoka saa kumi, na karatasi ya Yakubu ilikuwa bado tupu.

— Soma tena pale, Baba Taban, alisema Sajini, akikuna sikio.

— "Kukuna sikio ni kweli. Kukohoa ni si kweli," Yakubu alisoma kwenye barua, akaweka sita mezani.

— Ni marafiki! alisema Redio, mjuzi wa habari zote. Taban yetu iko na adabu. Watu mubaya ya Kampala ndiyo inamuharibu.

— Si watu, ni suruali, alisema Lokule. Ile pana chini. Upepo inapanda mpaka kwa kichwa!

— Hiyo suruali nimeshona mimi.

— Basi ni kitanda ya bweni! Sajini aliruka. Ile ya juu na chini. Akili ya mutu ya juu inateremuka kwa mutu ya chini. Asubuhi wote iko na jibu moja!

Redio akakohoa. Lokule akaweka tatu.

Yakubu alitamani sana kukiamini kile kitanda. Hata kalamu alikwisha kuishika.

Mwisho wa benchi alikaa Mindra, mama kutoka kijiji cha Dadamu aliyeuza muhogo wake wote na sasa akingoja lori. Walikuwa wamempa kahawa, naye alikuwa akiutazama mchezo.

— Wazee, samahani, alisema. Mimi sijui hii muchezo. Kwa nini huyu akikuna sikio, mwenzake anaweka sita?

Weee! Mkono wa Sajini ulikuwa bado sikioni. Aliushusha polepole. Redio alitaka kukohoa, akameza.

Yakubu alikumbuka likizo zote alizocheza upande mmoja na Taban, wakiwafunga hawa hawa kwa ishara hizo hizo, naye akijisifu mtaani kuwa kijana ana kichwa. Aibu ilimshika. Kisha, ajabu, moyo ukawa mwepesi, kwa sababu sasa alijua la kuandika. Akaandika mstari mmoja, akafunga bahasha.

— Umeandika nini? aliuliza Sajini.

— "Amejifunza kwangu. Mumurudishe, mimi naacha."

Alipotoka posta walicheza tena, mikono yote mezani. Yeye na Sajini wakafungwa mara tatu mfululizo, wakacheka mpaka kahawa ikaisha.