Uwanja Usio na pa Kuketi

Macho yangu yameona, moyo haujatulia;
Uwanja wa kukutana, hatuna pa kukalia.

Sikilizeni, wanangu, maadamu pumzi bado inanitii. Mmenibeba hadi hapa ufukweni niuone uwanja wetu kabla sijafumba macho, nami nimeuona. Nilipopelekwa hospitali Suva niliuacha ukiwa majani matupu, tangu ukuta wa bahari hadi maduka ya mbao, ardhi ambayo babu zetu waliwaachia watu wote wa Levuka watandike mikeka, wanywe yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, na kupiga soga. Nimerudi nakuta ngazi za zege zilizopandana kama rafu za duka, eti ndizo viti.

Binti yangu Vilimaina amenisimulia ufunguzi. Chifu alikaa ngazi ya chini, maana magoti yake hayapandi. Nani basi angekaa juu ya kichwa chake? Watu wakasimama juani, ngazi zote nyuma yake tupu, na yule mgeni aliyezichora akiwabembeleza wapande. Dada yangu Makelesi akamwambia, “Panda wewe kwanza, mwanangu, umkalie mkubwa kichwani, sisi tutakutazama.” Wakacheka. Kisha Makelesi huyo huyo, kikongwe, akaanguka kwa jua, na hadi leo upande mmoja wa mwili wake haumsikii.

Savenaca, kifungua mimba wangu, ni wewe uliyepokea jino la nyangumi la wajenzi, nami sipo. Ulijua kwamba aliyelipokea hana tena ruhusa ya kukataa anachoombwa. Uliwaambia wazee kuwa mji mkongwe lazima uwapendeze wageni wa meli. Sijakasirika, mwanangu; nimeshtuka, kwa kuwa ulikua umeketi hapa hapa, miguuni pa Makelesi.

Nyumba ni ya Vilimaina. Shamba la dalo, magimbi yetu, ni la Ilaitia. Uwanja si wa yeyote kati yenu, na msimruhusu mtu aupambe kabla hajauliza wazee watakaa wapi, na watoto wa shule watapita wapi bila kuwakatiza waliokaa.

Savenaca, hili ndilo jino nililopewa siku nilipomwoa mama yenu. Ulipokee, uwapelekee wajenzi, uwaombe wazivunje ngazi. Unasema mji mzima utakucheka. Utakucheka, ndiyo. Nenda hivyo hivyo.

Nizikeni bila makeke. Sasa ketini kwenye haya majani yaliyobaki, niwabariki. Jino halipokelewi wima, wala baraka. Mungu awakalishe pamoja... awape... Vilimaina, nishike mkono. Mlazeni shangazi yenu Makelesi mkekani. Vizuri. Ilaitia ameketi. Keti, Savenaca, mwanangu... jino hili zito... keti...

Wengine wote wako chini. Savenaca bado amesimama, na jino lingali mkononi mwa baba yake.