Ombi Langu la Radhi kwa Bi Mahfoudha

Mheshimiwa Sheikh Ghaith, mgeni wetu kutoka Wizarani. Bi Mahfoudha bint Amur, mwalimu mkuu unayestaafu leo. Walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma: assalaam alaykum. Kwa Kiarabu mmeshamuaga juzi skuli. Leo tunamuaga kwa Kiswahili tunachozungumza majumbani.

Mimi ni Hamoud, babake Jawaher. Wengi mnanijua kwa lile la mwaka 1999.

Mwaka ule gari ilimgonga mwanafunzi mmoja mbele ya geti la skuli, hapa mtaani kwetu Ghubra. Alipona, alhamdulillahi, lakini wazazi tulitetemeka. Ikatokea kampuni, ikataka ikabidhiwe skuli yetu ya serikali iiendeshe yenyewe, na ikaahidi mengi: ukuta mpya, walinzi, mabasi. Nani angekataa? Barua ya kuomba niliiandika mimi, na saini nikazikusanya nyumba kwa nyumba.

Bi Mahfoudha akatuita mkutanoni. Hakupandisha sauti. Aliuliza moja tu: "Ukurasa wa mwisho wa mpango wa kampuni mmeusoma?" Ukurasa ule ulisema kila mwanafunzi atafanya mtihani, na atakayeshindwa atahamishwa. Nikamjibu kwa jeuri, "Mwalimu, wewe unaogopa kupoteza kiti chako." Watu wakacheka. Yeye akakaa kimya.

Kesho yake akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniwekea daftari la Jawaher mezani. Binti yangu yuko darasa la nne, na kusoma hajui. Mimi babake sina khabari.

"Jana ningeweza kulisema hili," akaniambia, "lakini mtoto kakosa nini? Mimi nna miezi miwili namsomesha kila siku wenzake wakishaondoka. Niachie."

Jamani, nani kati yetu angenyamaza vile, anachekwa, na jawabu analo?

Nikarudi nyumba zile zile kuwaomba watu wafute saini. Wengine walinifungia mlango, na siwalaumu: watoto wao wangefaulu, na ile barabara ilikuwa bado inatisha. Basi Bi Mahfoudha akawa anasimama barabarani mwenyewe kila mchana, kwenye jua lile mnalolijua, mkono juu, anayazuia magari watoto wavuke, huku akiandika barua baada ya barua, mpaka matuta yakawekwa. Mwaka na nusu! Mpango wa kampuni ukafa. Ukuta mpya, Sheikh Ghaith, hatujaupata hadi leo, nalisema ukiwepo.

Na Jawaher? Hajawahi kuwa wa kwanza darasani. Lakini risala ya wanafunzi mliyoisikia sasa hivi, aliyeisoma ni yeye.

Bi Mahfoudha, miaka mitano iliyopita nilikuvunjia heshima mbele za watu, na radhi nikakuomba ofisini, mlango umefungwa. Haikuwa haki. Leo nakuomba mbele za watu wale wale: nisamehe.

Nakushukuruni nyote mlionitegea sikio.